Doa Katika Picha za Fundi Miwani

Marehemu, ambaye wengi mlimzoea kwa jina la Fundi Miwani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi saa. Mama yake alizoea kusimulia kwamba hakulia alipozaliwa, bali aliikodolea macho taa ya chumbani mpaka mkunga akaizima. Ndipo akalia.

Alisoma shule ya msingi na sekondari akitokea nyumbani, kisha akahitimu chuo cha ufundi wa miwani mwaka 1979. Tangu hapo, hadi alipostaafu, alisaga lenzi katika chumba kilicho nyuma ya duka la dawa. Jioni alipanda juu ya paa kupiga picha za nyota kwa darubini aliyoiunda mwenyewe.

Tarehe 14 Juni 1986 alimwoa mshona mapazia. Walikutana dukani kwake, marehemu akitafuta mahameli nyeusi ya kutandika ndani ya bomba la darubini, ili mwanga usirudi na kuharibu picha. Alimulika kila jora kwa tochi hadi bibie akachoka. "Kaka," akamuuliza, "unanunua kitambaa au unakipima homa?" Kesho yake marehemu alirudi, na safari hiyo hakuulizia kitambaa. Walijaliwa binti mmoja.

Baada ya kustaafu, doa likaanza. Kila picha ilikuwa na mwanga hafifu pembeni, umbo la yai. Marehemu hakubabaika, maana kufukuza mwanga ndiyo ilikuwa kazi yake. Aliigeuza kamera aone kama doa litageuka nayo. Wapi! Akaligeuza bomba, akatoa vichujio, akapaka kila skrubu rangi nyeusi isiyong'aa, akamwomba jirani azime taa ya uani. Mwishowe alifunika mdomo wa darubini na kupiga picha ambayo ilipaswa kutoka nyeusi tititi. Doa lilikuwemo. Aliazima kamera nyingine, likawemo. Mkewe aliingiwa na hofu, akamwambia waziwazi aiuze darubini. Marehemu akamjibu kwa upole, "Nimeshaondoa kila kitu. Kilichobaki ni mimi."

Januari mwaka huu alilazwa kwa maradhi ya mapafu. Hakulalamikia maumivu. Lililomnyima usingizi ni kutojua kama mwanga ule ulitoka kwake, akamsihi mkewe apige picha yeye akiwa hayupo na amletee jibu la kweli. Mama wa watu alipanda peke yake. Picha ilitoka safi, nyota tupu. Aliketi kwenye ngazi akalia, kwani angeweza kusema doa lipo na mumewe akatulia, akiamini halikutoka kwake. Lakini hakuwahi kumdanganya, basi akampelekea. Marehemu aliitazama, kisha akasema, "Ahsante. Nikiondoka, mtakuwa na anga safi."

Alifariki alfajiri ya tarehe 2 Machi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti, mkwe, wajukuu wawili, na mdogo wake anayewasomea haya.

Picha ya nyota iliyo nyuma ya ratiba hii mjane aliipiga juzi, mwili ukiwa tayari chumba cha maiti. Doa limo, na limesogea katikati. Mpiga chapa aliuliza kama alifute.

"Mwache mume wangu," mjane akamwambia.

Apumzike kwa amani, hapo alipo.