Mpelelezi Aliyejikamata Mwenyewe

Ndugu zangu, hamjambo. Mchungaji ameniambia nisimame hapa mbele, lakini mtaniruhusu nikae, maana huu mguu wa kununua ukishikwa na joto unaniuma. Na akina mama wa pale nyuma, msianze kunisikitikia mapema. Niko sawa. Leo nimekuja kumsifu mtu. Jina lake silitaji, na mtakaomjua mjue kimoyomoyo.

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Baba yangu alitoka Nyeri na jembe, mimi hapa Kitengela nikageuka mtu wa fimbo. Nanunua huko ndani, nauza sokoni. Sasa pale mtaani kwetu kuna mama mmoja fundi wa nguo. Akiwa msichana alitaka kuwa polisi, wakampima urefu, wakamrudisha nyumbani. Lakini ile kazi haikumtoka rohoni. Nawaambia, huyo mama ana kichwa! Pampu ya maji ya jirani iliibiwa wakati wa kiangazi, na yeye hakuuliza mtu swali. Alizunguka mtaa akiangalia sukuma wiki ya nani imenona. Jioni pampu ikarudi kwa mwenyewe. Pazia za kanisa zilipopotea, alizipata zimefunikwa kwenye viti vya baa, akazitambua kwa mshono wake. Msiniulize alifuata nini baa. Tulimwita Afande, na tulikuwa tunamaanisha.

Tatizo ni kwamba tulimsifu mpaka akaacha kuuliza. Akisema neno, sisi tunaitikia amina. Sifa zinalevya, ndugu zangu, na sisi ndio tulikuwa tunamimina.

Basi wezi wakaingia kwa mzee mmoja upande wa Isinya, wakaondoka na ng'ombe zake. Mtaa mzima ukamwangalia Afande. Naye alikuwa amejifunza kwa wafugaji sokoni kitu ambacho wengi wetu tuliokuja huku hatukijui: kila ukoo uko na namna yake ya kukata masikio ya ng'ombe, na anayejua anasoma sikio kama wewe unavyosoma nambari ya gari. Akapita karibu na kwangu, akaona ng'ombe moja nyekundu iko na alama ya yule mzee. Akapiga picha, akaiweka kwenye grupu ya mtaa na kuandika: "Mwizi tumempata. Ni wetu wa hapa hapa."

Hata simu hakunipigia! Mimi, ambaye ananishonea mashati! Angeuliza, ningemweleza mara moja. Miaka ya nyuma, wakati wa ukame, rafiki yangu mmoja Mmaasai wa ukoo wa huyo mzee alikosa nyasi kabisa. Nikamfungulia shamba, ng'ombe zake zikala nyasi niliyokuwa nimewawekea zangu. Mvua iliponyesha akaniletea ndama jike, mwekundu. Kwa Wamaasai, mkishapeana ng'ombe mnaacha kuitana majina. Yeye ananiita Pakiteng, mimi namwita Pakiteng, mpaka kufa. Na hiyo ng'ombe ya zawadi huikati masikio upya. Inabaki na alama ya aliyekupa, ili ukiiona umkumbuke. Afande alijifunza kusoma masikio, lakini hili hakuambiwa, na yeye hakudhani kuna kitu kimebaki cha kuambiwa.

Watu walikuja asubuhi, mke wangu akiwa anakamua. Nilijaribu kusema, nani anasikia? Nikaona watu tuliokula nao harusi wameokota mawe. Moja la kujengea lilitua kwenye goti, likafuatwa na lingine. Polisi waliniokoa kwa kunikamata. Nilipoamka hospitalini, mguu hakuna, na mkono umefungwa pingu kwenye kitanda. Jamani, mtu wa mguu mmoja angekimbilia wapi?

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wa Afande uliponza mguu wangu. Lakini mguu niliuzoea. Jina ndilo lilikuwa linaniua. Mtu wa ng'ombe akishaitwa mwizi, hakuna atakayemuuzia hata mbuzi kilema. Watoto wangu walikuwa wanaitwa wa mwizi shuleni. Nimerudishwa nyumbani kwa dhamana, kesi iko kortini, na Pakiteng, shahidi wangu wa pekee, alikuwa amehama na mifugo kutafuta nyasi, simu yake haiingii. Nilianza kuona heri yale mawe yangemaliza kazi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtaa ulikuwa umeridhika. Afande alikuwa anapongezwa mpaka kwa mama mboga. Angenyamaza tu, hakuna binadamu angejua. Lakini yeye akairudia picha yake mwenyewe. Nyuma ya ng'ombe nyekundu akaona ndama ananyonya. Masikio ya ndama yamekatwa kwa alama yangu, na vidonda vimepona kitambo. Ng'ombe iliyoibiwa juzi ilizaa kwangu lini? Aliniambia baadaye kwamba aliketi kwenye sakafu ya kibanda chake cha kushonea.

Aliuliza kituoni nilijitetea vipi, akafunga kibanda akaenda kumtafuta Pakiteng. Aliuliza boma kwa boma, njia yote, mpaka akampata Entarara, kule Loitokitok. Na Kimaasai chake chote ni salamu ya "sopa" tu!

Alipobisha kwangu, mke wangu alimfungulia, akamwangalia juu mpaka chini, akamuuliza, "Umekuja kuchukua ule mguu mwingine?"

Afande hakujitetea. Alisema, "Mama, nimekuja na mwenye ng'ombe."

Nyuma yake nikaona shuka nyekundu. Rafiki yangu akaniangalia pale kitandani, akaita, "Pakiteng." Ndugu zangu, tangu ile asubuhi nilikuwa sijaitwa jina la heshima. Nililia bila aibu.

Siku ya soko, huyo mama alipanda pale ng'ombe hupakiliwa kwenye lori, akapaza sauti mbele ya wachuuzi wote. "Yule mtu si mwizi. Mimi ndiye nilimwita mwizi. Nilikosea, kwa sababu nilijiona najua." Mtu akampigia kelele, "Mama, shuka! Hayo yaliisha!" Akamjibu, "Yataishaje, na mguu wake haujarudi?" Akashuka hapo akaenda moja kwa moja kituoni, akaandikisha makosa yake kwa mdomo wake mwenyewe. Kesi ikaondolewa. Kuna wanaume wangapi hapa wanaweza hivyo? Mimi sijui kama ningeweza.

Kumsamehe hakukuwa rahisi, siwadanganyi. Kuna siku nilimwombea cherehani imshone vidole. Lakini alikuja, akaja tena, akakaa jikoni akimenya viazi na mke wangu hata asiposemeshwa. Leo ananunua ng'ombe sokoni na mimi. Masikio anayasoma yeye, halafu anamuuliza mwenye ng'ombe.

Nawashukuru manesi walionigeuza kitandani. Namshukuru Pakiteng aliyeacha mifugo yake. Namshukuru mke wangu, ambaye hakuniuliza hata mara moja kama niliiba.

Funzo? Ukijua kitu kimoja, uliza cha pili. Hilo ni lake, na amelilipia. La kwenu ni lingine. Kila mahali nasikia, "Yule fundi ndiye alimvunja mguu." Hapana. Yeye hakushika jiwe. Walioshika mawe nawajua kwa sura, maana nilikuwa nimelala chali nikiwaangalia. Wengine mmeimba vizuri sana leo. Mpaka sasa, aliyefika kwangu kusema "nisamehe" ni yeye peke yake. Kwangu mnakujua, mlikuja mbio ile asubuhi. Karibuni tena. Chai ipo.