Mama Funguo na Chai ya Kabla ya Safari

Ijumaa, tarehe 29 Agosti, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye gati letu, mkabidhi mkuu wa boti anatukabidhi kabati la funguo na kwenda zake kupumzika. Sisi wa karakana tunamwita Mama Funguo. Ofisi humwita Bi Mkubwa akiwa hayupo, na vijana wa usafi humwita Shangazi, hasa wanapotaka ruhusa. Nimeombwa nimwandike kwa ukurasa mmoja. Aliyeandikiwa kurasa mbili mwaka jana alikaa hapa miaka tisa, lakini tuyaache hayo.

Kwa wasomaji wageni wa jarida hili: kampuni yetu hukodisha boti za matanga kwa watu wa likizo. Wanafika Jumamosi na mabegi makubwa kuliko makabati tuliyonayo, wanazunguka visiwa vya kaskazini kwa wiki moja, kisha wanarudi pua zimebabuka kwa jua na upepo wakisema wataacha kazi. Anayehitaji nahodha wetu hupewa. Mwenye cheti chake anaweza kuendesha mwenyewe. Katikati ya cheti na ufunguo alisimama Mama Funguo.

Alianza kazi akifua mashuka ya vyumba vya chini. Hakuna aliyemfundisha bahari, aliuliza. Aliuliza mpaka manahodha wakawa wanapitia mlango wa nyuma. Kwa nini mkondo kati ya kisiwa cha pili na cha tatu hugeuka kabla maji hayajaanza kupwa? Kwa nini ndege wa kisiwa chenye mnara wa taa hutua upande mmoja tu wa mwamba? Kwa nini duka la kisiwa cha mwisho hufunguliwa muuzaji anapoona mlingoti, na siyo saa ileile iliyoandikwa kwenye kibao cha mlangoni? Majibu mengine aliyafuata mwenyewe siku zake za mapumziko, amekaa juu ya mitungi katika boti ya kupeleka gesi. Hilo la ndege hajalipata hadi leo, na linamkera.

Utaratibu uliompa sifa ni wa chai. Akishasoma cheti cha mgeni alikirudisha kwenye bahasha, akaomba atengenezewe chai ndani ya boti, ikiwa bado imefungwa gatini. Wageni walishuka kwenye jiko dogo, wakatafuta birika, wakafungua gesi, wakagongana viwiko. Yeye alikaa pembeni, mikono mapajani. Mume anayempokonya mkewe kiberiti atampokonya usukani upepo ukichafuka. Kundi ambalo kila mmoja anasubiri mwenzake achemshe maji litasubiri hivyohivyo nanga iking'oka. Hao walipewa nahodha. Nilimuuliza mara nyingi anaangalia nini hasa. Alinijibu niangalie injini zangu.

Meneja wa wakati ule hakuipenda chai hiyo. Alimwambia kikaoni, mbele yetu sote, "Hapa tunakodisha boti, hatuendeshi mgahawa." Mimi nilikuwa upande wa chai kwa sababu zangu. Boti ikikwama popote, injini ndiyo inayolaumiwa kwanza, kisha fundi wake, yaani mimi. Nimepiga hesabu: katika kila miito kumi ya msaada, saba haikuhusu injini hata kidogo. Ilihusu watu wawili walioshindwa kuelewana. Chai ilipunguza miito hiyo kwa nusu, na sikumbuki yeyote kati yetu wawili akipewa hata mkono wa pongezi.

Kisha, katika msimu wake wa kumi na nane, Mama Funguo akakosea.

Walikuja watu watatu: baba mmoja mfiwa, aliyeendesha matanga tangu ujana wake, pamoja na mwanawe na binti yake, wote watu wazima. Walitengeneza chai bila kutamka neno. Huyu akinyoosha mkono, yule ameshaweka kikombe. Gesi ikafungwa, meza ikafutwa. Mama Funguo alitoka macho yanang'aa, akatuambia hajapata kuona mabaharia wanaojuana namna ile. Walipewa ufunguo chai ikiwa bado ya moto.

Asubuhi ya tatu redio ikaita. Muuza duka wa kisiwa cha mwisho alikuwa anaitazama boti yetu ikipita polepole mbele ya dirisha lake kuelekea mwambani, matanga yamefungwa, na hakuna mtu ndani. Ofisi ikaniuliza injini ina nini. Mama Funguo hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshaingia kwenye boti ya msaada, amevaa koti la mvua la mtu mwingine.

Tuliikuta imebakiza kidogo tu igonge. Niliisogelea ubavuni, yeye akaruka na umri wake ule, akageuza ufunguo. Injini iliwaka mara ya kwanza, naomba hilo lisomwe vizuri. Akairudisha kwenye kigati cha kisiwa, na pale tuliwakuta wenyewe watatu, kila mmoja amesimama kivyake kama abiria wasiojuana.

"Kamba ilifungwa na nani?" aliuliza.

Baba akasema alidhani ni mwanawe. Mwana akasema alidhani ni Baba. Binti ndiye aliyekuwa ameilegeza, maji yalipoanza kupwa, akaizungusha mara moja tu kwenye nguzo akijua kaka yake ataimalizia. Akaongeza, "Hatujaongea tangu tumzike Mama. Kila mtu anadhania tu."

Meneja aliagiza kwa redio boti irudishwe, wageni warudishwe, na chai iishie hapo. Na kuhusu Mama Funguo mwenyewe, ataona la kumfanya. Mama Funguo alimjibu kwamba yeye anabaki na familia hiyo kama nahodha hadi Jumamosi, na meneja aone la kumfanya Jumamosi hiyohiyo. Nikarudi peke yangu, nikijua kazi yake imebaki kule kisiwani pamoja naye.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Aliweka sharti moja: hakuna kugusa kamba bila kusema kwa sauti unamwachia nani, na anayeachiwa lazima ajibu. Siku ya kwanza walisema maneno ya kamba tu. "Baba, naiacha kwako." "Nimeipokea, binti yangu." Siku iliyofuata wakaongeza ya upepo, halafu ya chakula. Jumamosi tuliwasikia kabla hatujaona mlingoti: walikuwa wanabishana kama marehemu aliipenda bahari au alimvumilia tu mumewe.

Kikaoni Mama Funguo hakujitetea. Alisema, "Nilisikia kimya nikakiita ujuzi. Nipeni msimu mmoja nirekebishe." Akapewa, kwa shingo upande. Tangu hapo chai ina sehemu ya pili: mmoja hubaki juu, wa chini humuuliza sukari kiasi gani, na bila jibu hakuna ufunguo. Boti haijatutoroka tena. Siku hizi hata karakana hatupeani spana bila mmoja kusema "naiacha kwako". Meneja alipohama, wasifu wake wa kuagwa uliyataja hayo kama ubunifu wake katika mawasiliano kazini. Nimekubali kuandika ukurasa huu ili ijulikane yalikuwa ya nani.

Familia ile imekodi boti wiki ya mwisho ya msimu. Baba sasa ni babu, hashiki usukani, lakini anakuja pamoja na wanawe, wakwe na wajukuu. Hawakutaka nahodha. Wamemwomba Mama Funguo aende nao kama mgeni wao, na Jumamosi, siku moja baada ya kustaafu, anaondoka. Katika miaka yote hii hajawahi kwenda kwenye visiwa hivyo bila mtungi wa gesi au kamba ya kuvutia. Juzi alikuja karakana akaniuliza, kwa dhati kabisa, wageni huwa wanafanya nini mchana kutwa. Nikamwambia sijui, mimi huwaona wakishakwama.

Mama Funguo, asante kwa miito yote ambayo haikupigwa. Karakana inakuombea afya, upepo wa wastani na mapumziko marefu yasiyo na mtu wa kukukimbilia na shida yake. Wakikuletea chai huko, inywe tu. Usiwaangalie.