Nani Alihamisha Betri ya Ndege

Nani alihamisha betri ya ndege yangu kutoka puani hadi mkiani? Niliuliza hivyo asubuhi, kwenye benchi la kahawa la mama Albertine, hapa Kasongo, na kila mwanaume akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Ndege yenyewe ilikuwa mezani. Nimeichonga mwenyewe kwa foamu nyeupe inayokuja na televisheni, umbo lake sawasawa na la ile ndege ndogo inayotua uwanjani kwetu. Ilikuwa imetoka kuruka: ikainua pua kama mbuzi anayetafuta majani ya juu, ikasita, ikarudi kinyumenyume ndani ya mihogo. Helisi, lile panga linalozunguka puani, ikavunjika. Nimebaki na helisi moja tu, na kesho nairusha mbele ya chuo kizima, maana kwenye mdahalo nilisema msichana wa hapa anaweza. Ikianguka tena, nimeanguka nayo.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Kasimu Portebagaji, jina la kile chuma cha mizigo nyuma ya pikipiki anayoendesha kama motard wa njia ya Kabambare, telekomande yangu ya kuongozea ndege mkononi mwake.

— Sikiliza, mutoto. Muzigo unakaa nyuma. Toka hapa mpaka Salamabila, ulishaona motard anafunga mufuko ya muchele mbele ya guidon, pale mikono inashika?

— Yaya Kasimu, moto iko na njia chini yake. Hii iko na upepo tu, nikasema; kwetu pikipiki ni moto, na kaka mkubwa ni yaya.

— Njo maana inataka uzito, akadakia Bruno, aliyewahi kupanga mizigo uwanjani na tangu hapo anaitwa Komanda. Ongeza jiwe mu mukia. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na kibaba kikijaa, kinaruka?

— Huyu na midomo yake ya chuo, akanung'unika Bruno.

Papa Grégoire akakohoa. Tunamwita Maître, yaani wakili, kwa kuwa hashindwi kesi yoyote isiyomhusu.

— Shida si uzito. Ilikuwa inakimbia sana. Mwenda pole hajikwai.

— Papa, ndege ikienda pole inaanguka.

— Basi ni hivi: ndani hamuna rubani. Kitu kisichobeba mutu kitamuogopa nani? Kamata panzi, umufunge pale mbele.

— Panzi akitazama chini atazimia, alisema Bruno. Tuweke popo.

— Popo haruki muchana, akasema Maître.

— Basi turushe usiku.

Wakakubaliana. Kasimu atashika telekomande, Komanda atatoa ruhusa, Maître atahutubia chuo. Mimi nitabeba maji ya kunywa.

Hapo akaketi Clémentine, mchuuzi wa mawese aliyefika tu kutoka Lusangi, vumbi hadi kwenye kope. Akapokea kahawa, akatazama meza.

— Ndege ni ya nani?

Kasimu akamtazama Bruno. Bruno akamtazama Maître. Maître akaanza methali.

Nikachukua telekomande kutoka mkono wa Kasimu. Nikafunga helisi iliyobaki, nikaitoa betri mkiani, nikairudisha puani, nikaweka vidole viwili chini ya mabawa, theluthi ya upana kutoka mbele, nikainua. Mkia ukashuka. Nikasogeza betri mbele kidogo, nikainua tena. Safari hii ndege ikalala sawa juu ya vidole, pua imeinama kidogo tu, kama mtu anayesalimia wakubwa. Mama Albertine akaacha kumimina.

— Itaruka? aliuliza Clémentine.

— Tuone sasa hivi, kabla ya kesho.

Nikaiweka chini, uso kwa upepo. Barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye njia panda, isipokuwa kitu kimoja.

— Yaya Kasimu, tafazali, utoe moto yako mu njia.