Jiwe Chini ya Ulimi

Jioni ile benchi la kahawa kando ya duka la kinyozi lilikuwa limejaa wataalamu wa mambo yasiyowahusu, na birika lilikuwa bado zito. Mnadi alifika taya la kulia limevimba. Huyu bwana huuza nguo za mitumba kwa mdomo wake, kutwa hapumziki, lakini leo alikuja na ombi moja tu na likamkwama. Kesho saa mbili asubuhi angetolewa jiwe lililoziba njia ya mate, na hospitali ilimtaka aje na mtu wa kumngoja na kumrudisha nyumbani. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, wanawe wako mbali. Aliogopa, na aliona haya kuogopa.

— Wamenipiga picha, alianza. Kuna jiwe chini ya ulimi. Nikila tu, mate yanakosa pa kutokea, taya linavimba. Sasa kesho...

— Jiwe la mchele hilo, Seremala akamkata. Tangu shemeji afariki, nani anakuchagulia mchele?

— Mchele unashuka tumboni, akasema Kinyozi. Haupandi kwenye taya. Hilo ni uongo wake. Kutwa anawaapia watu kwamba shati halijavaliwa. Uongo ukikaa sana mdomoni unaganda.

Mnadi akajaribu tena. Akaeleza kwamba ni kazi ndogo: sindano ya ganzi, wanachana kidogo humo humo mdomoni, jiwe linasukumwa nje, usoni hapabaki hata alama. Alilisema hilo polepole, maana na yeye alitaka kulisikia.

Daktari akaweka kikombe chini. Jina hilo alilipata kwa kulinda geti la hospitali miaka kumi na miwili.

— Hawajakwambia yote. Kwanza wanautoa ulimi. Wanauweka kwenye bakuli, wanafanya kazi yao kwa nafasi, halafu wanaurudisha.

— Wanaurudisha kama ulivyokuwa? Mnadi akauliza.

— Kama hawana haraka.

Mnadi alijua fika kwamba mtu huyu hajawahi kuvuka geti lake. Hata hivyo ulimi ulimkauka.

Seremala akasema hospitali ya nini, yeye ana nyundo ndogo. Akiifunga kitambaa na kugonga kwa chini kila jioni, jiwe litasagika lenyewe, bandubandu huisha gogo. Kinyozi akapinga: jiwe lililolelewa mdomoni miaka yote hiyo huenda likawa kito, na asipokuwepo mtu wa kusimamia, litaishia mfukoni mwa mpasuaji.

— Ndiyo hivyo, Mnadi akadakia. Lazima awepo mtu, kwa hiyo nilikuwa nataka...

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Daktari akamkemea.

— Guu linahusiana nini na taya? Kinyozi akauliza.

— Taya halina methali yake. Nimeazima ya mguu.

Wakaanza kubishana kama methali huazimwa, na Mnadi akasahaulika.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mbeba mizigo mmoja, mgeni, aliyeegesha mkokoteni wake ili anywe kahawa. Alikuwa amesikiliza yote bila kuchangia neno.

— Samahanini wakubwa, akasema. Huyu kesho anakwenda na nani?

Kinyozi akachungulia kikombe chake. Seremala akakumbuka mlango wa watu aliouahidi kwa kesho asubuhi hiyo hiyo. Daktari akakohoa.

— Hilo, akasema, tutalijadili kesho jioni, tukiwa wote.

Mnadi akawatazama mmoja mmoja. Miaka tisa amekunywa nao kahawa. Hilo lilimuuma kuliko taya. Kisha akamgeukia mgeni, na ombi lililomkwama jioni nzima likatoka bila taabu.

— Ndugu yangu, kesho asubuhi una nafasi unisindikize?

— Mimi? Hata jina lako silijui.

— Ndiyo vizuri, akasema Mnadi. Wanaonijua wote wana shughuli.