Rispa Nyamvula Charo, Aliyeomba Kurudishwa Utange

Mama tunayemsindikiza leo, Rispa Nyamvula Charo, alizaliwa tarehe 4 Aprili 1954 katika kijiji cha Jaribuni, Kilifi. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Karisa na marehemu Mama Mbeyu. Siku hiyo masika yalimwagika hata mkunga akafika ameloa chapachapa, na jina la Nyamvula, la mtoto wa mvua, likapatikana bila mjadala.

Alianza masomo katika shule ya misheni mwaka 1963, akayaacha darasa la nne ili awalee wadogo zake mama yao alipougua. Hakulalamika mbele ya watu. Ila mwaka 1984, akiwa tayari mama wa watoto wawili, alijiandikisha gumbaru, masomo ya watu wazima, akawa anaingia darasani na unga wa ngano ukiwa bado viganjani. Mara nyingi alisinzia. Mwalimu alipomwamsha alijibu kwa heshima zote, “Nasikiliza, mwalimu. Macho tu ndiyo yamepumzika.”

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na marehemu Charo Mwidani, mchonga mawe ya kujengea, wakahamia Utange. Wakati huo Utange ilikuwa mikorosho, visima vya maji ya chumvichumvi, na nyumba za udongo zilizokaribiana hivi kwamba mtu akikohoa usiku, asubuhi aliulizwa hali na mtaa mzima. Mungu aliwajalia watoto watatu: Tsuma, Judy na Ronny. Mzee Charo alifariki mwaka 2009, kifua kikiwa kimejaa vumbi la mawe aliyoyachonga maisha yake yote.

Kazi ya marehemu mnaijua, kwani wengi wenu mmekula mikononi mwake. Kuanzia mwaka 1981 aliuza mbaazi za nazi na mahamri pale njia panda. Aliamka kabla ya adhana, akakuna nazi, akasukuma unga, akawasha kuni ambazo msimu wa mvua hazikutaka kuwaka. Hakuhudumia watu kwa foleni. Aliyefiwa alitangulia, kisha anayewahi kibarua, kisha wengine. Na kabla ya sahani, kila mteja aliulizwa habari zake na za wote aliowaacha nyumbani. Mama Zuleikha, jirani na shoga yake wa miaka mingi, alimtania mbele ya watu.

“Shoga, mbaazi zapoa nawe ungali kwenye habari za nyanyake!”

“Mbaazi zitapashwa moto,” marehemu alimjibu. “Nyanyake hapashwi.”

Kazi hiyo ilimchosha. Miguu ilivimba, mgongo ukapinda, na baada ya adhuhuri hakuwa na nguvu ila za kujilaza ukumbini huku watoto wa madrasa wakisoma upande mmoja na kwaya ya kanisa ikifanya mazoezi upande wa pili. Lakini mlango aliuacha wazi. Hivyo ndivyo tunavyoishi Utange: jua likishapanda, mlango hufunguliwa. Ukibaki umefungwa, basi humo mna ugonjwa au msiba, na jirani wa kwanza kuuona huja kupiga hodi.

Mwezi Agosti 2023 alipata kiharusi kilichoudhoofisha upande wake wa kulia. Judy alimchukua akaenda kukaa naye Mkomani, ghorofa ya tatu, karibu na kliniki. Alimwogesha, alimlisha, alimpeleka kwenye mazoezi ya viungo, kisha akakimbilia kazini. Hakuna awezaye kusema kwamba Judy hakumtunza mamake.

Asubuhi ya kwanza huko, marehemu alijikokota na mkongojo hadi nje, akaona milango yote imefungwa na jua limekwisha kupanda. Akaanza kupiga hodi mlango mmoja baada ya mwingine ili atoe pole. Kijana mmoja alitoka na taulo mabegani.

“Pole, mwanangu. Nani amefariki?”

“Hakuna aliyekufa, nyanya. Tunaishi tu.”

“Na hawa wa pili?”

“Hao siwajui.”

Alirudi akaketi kitandani. Judy alipoingia alimwambia, “Wamejifungia na wote wazima.” Judy alicheka. Mamake hakucheka. Tangu siku hiyo alianza kuomba arudishwe kwake.

“Mama, kule barabara ni mashimo matupu,” Judy alimwambia. “Ukizidiwa, gari la wagonjwa litafika saa ngapi?”

“Sitafuti gari mimi. Natafuta mtu wa kupita akaniuliza nimeamkaje.”

“Mimi nakuuliza kila siku.”

“Wewe waniuliza kama daktari.”

Tsuma, kutoka Nairobi, alimuunga mkono dadake: mama abaki karibu na matibabu. Marehemu hakugombana. Aliacha tu kuzungumza sana, na chakula kikawa kinarudi nusu sahani. Alihofia jambo moja, naye alilitaja waziwazi: kufia mahali ambapo jirani hangejua hata jina la maiti.

Mwezi Novemba 2024 Mama Zuleikha alikwenda kumwona. Alipanda ngazi akihema, akakaribishwa chai, akaitazama nyumba yote.

“Judy mwanangu, wallahi hapa pazuri. Maji yako ndani, daktari yuko hapo. Lakini mamako anazungumza na nani?”

Judy, aliyekuwa hajalala vizuri kwa zaidi ya mwaka, aliweka kikombe chini akalia. “Na huko nani atamgeuza kitandani, Mama Zuleikha?”

“Sisi.”

“Mtachoka.”

“Tutachoka, naam. Tutachoka kwa zamu.”

Judy alifikiria kwa wiki mbili, akazungumza na daktari, kisha akampigia simu Tsuma. Tarehe 30 Novemba 2024 marehemu alirudishwa Utange. Zamu zilifuatwa kama zilivyoahidiwa, na ugomvi nao haukukosa: kina mama waligombania urefu wa mto, utamu wa chai, na nani alimgeuza vibaya jana. Judy alikuja kila Jumamosi na dawa. Marehemu alikula sahani nzima, akamsuta kila aliyempikia.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, alasiri. Chumba kilikuwa kimejaa watu. Mama Zuleikha na Ronny walikuwa wakibishania dirisha, lifunguliwe au lirudishwe. Marehemu alifumba macho akasema, “Mnanichosha nyinyi.” Ronny akainuka awatoe watu nje ili mamake apate kulala.

“Nani kakwambia watoke?” marehemu akamuuliza.

Wakaketi, wakaendelea na dirisha lao. Ilipita muda kabla hawajatambua kwamba mwenzao hayumo tena katika mazungumzo.

Ameacha watoto wake Tsuma, Judy na Ronny, wajukuu saba, mdogo wake Kadzo wa Jaribuni, na Mama Zuleikha, ambaye watoto wenyewe wameomba jina lake lisomwe pamoja na yao. Ameacha pia Utange nzima, iliyolala hapa uwanjani kwenye mikeka tangu Jumanne na haijaonyesha dalili ya kuondoka.

Bwana ampokee. Kuchoka kwake kumekwisha. Sasa na alale salama.