Nyuzi za Latsami

Nje ya geti la hospitali, mjini Vientiane, kuna benchi la madereva wa bajaji, na kahawa ya Mama Pheng yenye maziwa mazito. Asubuhi hiyo Khamsing alikataa abiria wote. Mjukuu wake Latsami, wa miaka minne, alikuwa ndani akitolewa uvimbe wa saratani kwenye figo. Jana benchi zima lilikwenda kumfunga nyuzi nyeupe mikononi, ili roho zake thelathini na mbili, ambazo Walao huamini kila mtu anazo, zisije zikatoroka. Leo alfajiri nesi akasema nyuzi zitoke.

— Na wewe mzee ukakubali? akauliza dereva mwenzake, waliyembandika jina la Chura.

— Nikubali wapi! Nilifoka. Uzi wa baraka haukatwi na mkasi!

— Nesi akaita askari?

— Akanawa. Akaketi, akafungua fundo moja moja kwa vidole. Mafundo yote, Chura! Akazitia nyuzi kwenye mfuko safi, akautundika juu ya kitanda. Halafu akanawa tena.

Chura akaweka kikombe chini.

— Kaniambia dawa zimemmaliza mtoto kinga, Khamsing akaendelea. Kijidudu kinachokutania wewe, yeye kinamzika.

— Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki, akadakia Redio, dereva aliyeitwa hivyo kwa kutonyamaza.

— Yanahusu nini hapo?

— Si wananawa? Daktari akishanawa hadi viwiko, hagusi hata pua yake. Ikimwasha, shauri yake!

— Mi nasikia hata hewa ya mle wanaifua, Chura akasema.

— Wanaianika wapi, bwege wewe? Redio akamcheka.

Khamsing hakucheka. Alikuwa amemwona daktari kupitia kioo cha mlango, kainua mikono juu, maji yakichuruzika viwikoni. Bila kujua, naye alikuwa amekutanisha viganja kifuani kama aliye hekaluni.

Mama mmoja mgeni, kabeba mwanawe aliyenyonyoka nywele kwa dawa, alikuwa akingoja kahawa.

— Samahani, baba zangu. Jana, kabla ya kufunga hizo nyuzi, nani alinawa?

Chura akatazama grisi kwenye kucha zake. Redio akazimika. Khamsing akakumbuka fundo la kwanza, lake mwenyewe: alilifunga ametoka kurekebisha injini ya bajaji, na lilikuwa jeusi.

— Babu wa Latsami! nesi akaita kutoka getini. Ametoka salama. Njoo umwone!

Khamsing akakurupuka. Hatua mbili, akasimama. Akageukia bomba la Mama Pheng, akakunja mikono ya shati hadi juu ya viwiko.

— Sabuni! akafoka.

Kahawa ikapolea benchini. Wote walikuwa nyuma yake, kwenye foleni.