Mkwe Alipoingia Chumbani

Bwana apewe sifa, wapendwa! Mimi ni Mama Neema wa Makwale, yule mliyekuwa mnaulizana kama bado yupo. Nipo! Msipige vigelegele kwanza, nisikilizeni.

Ndugu zangu, nilitokwa damu mpaka nikajichukia. Ibadani nilikaa benchi la mwisho, juu ya kanga iliyokunjwa, baadaye nikaacha hata kuja. Nilikwenda hospitali, nikatumia dawa, hali ikarudi ileile, nikasema basi. Mpunga uliharibika shambani naangalia tu. Kuomba kupona niliacha. Niliomba kufa, na hata hilo sikujibiwa! Mume wangu akiniletea uji, nageukia ukutani. Kukata tamaa msinifundishe, nakujua vizuri.

Akina mama wakanikumbusha Neno: mgonjwa awaite wazee wa kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta. Nikasema haya, aitwe mchungaji. Mchungaji alikuwa ng'ambo ya mto, nao umejaa, haupitiki. Mzee wa kanisa mtaani kwetu ni mmoja tu, naye ni baba mkwe wangu.

Jamani! Mila yetu mnaijua. Mkwe akitokea njiani, mkamwana anaingia migombani mpaka apite. Tangu niolewe sikuwahi kumtazama usoni, nilimjua kwa kikohozi. Leo aingie chumbani, anikute katika hali ile, aniguse kipaji cha uso? Nikamwambia mume wangu, "Afadhali mnizike." Wala sikuwa natania.

Lakini lile Neno likawa linanichoma. Naamani mwenye ukoma aliambiwa akaoge mtoni, akakasirika, lakini alipotii akapona. Wale wakoma kumi waliambiwa waende, wakatakasika wakiwa njiani, kabla hawajaona chochote. Mimi nimeambiwa niite. Imani sikuwa nayo, ndugu zangu, nisiwadanganye. Nilikuwa na mdomo tu. Nikasema, "Haya, mwiteni."

Akaja. Akasimama mlangoni, uso ameugeuzia nje, chupa ya mafuta mkononi. Akasema, "Mwanangu, hata mimi naogopa. Tutii tu." Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu niingie ukoo ule! Nikainua macho. Kumbe ni mzee mwenye macho ya mume wangu, na analia.

Akanipaka mafuta, akaomba. Damu haikukatika. Moyo wangu ukafa kabisa! Lakini hakuondoka. Akasema, "Sasa tunarudi hospitali," na mimi nilikuwa nimeapa sirudi. Nikatii tena, bila tumaini lolote. Ndani ya bajaji alinishikilia begani barabara nzima, watu wakitushangaa.

Mapokezi, nesi akamwuliza, "Mzee, huyu ni nani wako?" Nilijua atasema mkamwana. Akasema, "Ni binti yangu." Nililia mpaka nesi akadhani nimezidiwa. Ndugu zangu, Yesu alimwita hivyohivyo yule mama aliyetokwa damu, tena mbele za watu!

Nikaongezewa damu, nikapasuliwa. Kupona kulichelewa, na siku nyingine nililala nikijua sitaamka. Lakini leo damu imekauka, na mimi nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu!

Ndaga fijo, Bwana wangu, asante sana! Na wewe uliyechoka hata kuomba, usisubiri kwanza imani ije. Kuna mtu umeambiwa umwite. Mwite.